Jumamosi Tulipotandaza Nyasi kwa Festo

Ukienda kwenye nyumba yenye ugomvi, Biblia iweke ndani ya mfuko, usitembee nayo mkononi. Mtu akiiona kutoka mbali anapata nafasi ya kuvaa uso wa Jumapili. Utafika ukute mume na mke wanatabasamu kama watu wanaosubiri kupigwa picha, na chungu kimevunjika nyuma ya mlango. Itoe baadaye, mkishakula, mkishacheka kidogo, ukishajua ni nani aliyelia. Hilo nilifundishwa na Mwinjilisti Zakaria, aliyenitangulia katika kazi hii hapa Karagwe, naye alilipata kwa kufukuzwa na mbwa wa watu.

Ninyi mnaoanza uinjilisti sasa mnaniita Babu Mwalimu, na wengine wenu hamjui kwa nini. Zamani zetu mwinjilisti ndiye aliyekuwa mwalimu. Asubuhi unafundisha watoto kusoma, mchana darasa la ubatizo, jioni unawazungukia wagonjwa. Jumapili unapiga ngoma ya kanisa wewe mwenyewe, halafu unakimbia kunawa mikono ili uingie kuhubiri. Kanisa letu lilikuwa la miti na udongo, limeezekwa kwa nyasi, juu ya kilima upande wa Kanoni. Vita vikuu vya pili vilipoanza, wazungu wa misheni, kwa kuwa walikuwa Wajerumani, waliondolewa, na mchungaji wa kutoka Bukoba alifika kwetu kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Tukabaki sisi, wainjilisti wenye suruali moja moja, tunashika kundi.

Basi nataka niwaeleze jinsi tulivyolishika, kwa sababu nasikia mnalalamika kwamba dunia ya siku hizi imewashinda. Wanangu, dunia ilianza kushinda watu kabla hamjazaliwa.

Vita vilipokwisha, vijana wetu walikwenda Buganda kwa wingi kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa. Walivuka mto pale Murongo kwa mitumbwi, na walipovuka kurudi hawakuwa wale wale. Wengine walirudi na mashuka na sufuria, tukashukuru. Wengine walirudi na mambo ambayo wazazi wao hawakuwa na maneno ya kuyasemea. Rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, tuliijua tangu mababu. Ilikuwa na siku zake na adabu zake, na mzee aliinywa ameketi. Sasa likaja gongo, ambalo mtu analinywa amesimama na kuanguka papo hapo. Ikaja na santuri, na dansi ya mwanamume kumshika mke wa mwenzake kiunoni mbele ya watu. Wakaja wanaume walioacha mke huku na kuweka mwingine kule. Ukiwauliza, walikuwa na jibu moja: "Mwalimu, hiyo ndiyo kisasa."

Nilihubiri, wanangu! Jumapili moja nilihubiri juu ya ulevi mpaka kivuli cha mlango kikahama. Watu walipotoka, mzee mmoja alinishika mkono mlangoni akaniambia kwa upole, "Ahsante, waitu, bwana wetu. Lakini kwa maneno marefu hivi, mimi umenitia kiu." Na kweli nilimwona akiteremka kilima kuelekea kulekule nilikomkataza.

Katika waliorudi alikuwamo Festo. Huyu nilimfundisha mwenyewe darasa la ubatizo. Alikuwa na sauti ambayo ikianza wimbo, hata kina mama waliokuwa wakisinzia waliinuka. Alifunga ndoa kanisani na Dorkasi, binti Mzee Kagaruki, na katika arusi ile niliona vijana wawili wanaopendana kweli. Kisha Festo akaenda Buganda. Dorkasi alibaki na mimba changa na kibanja chenye migomba michanga, akavilea vyote viwili.

Festo aliporudi, alivaa viatu vya rangi mbili, amebebesha watu santuri na sanduku la sahani zake. Hatukujua kwamba alichokileta hasa kilikuwa kichwani mwake: alikuwa amejifunza kupika gongo. Akatafuta pipa na mrija wa shaba, akajenga kibanda nyuma ya nyumba yake, kando ya njia iendayo Omurushaka. Jumamosi mchana santuri ilipigwa uani, watu wakanywa na kucheza, na Jumapili mabenchi yangu yakawa na nafasi kama meno ya mzee.

Baraza la wazee wa kanisa likakutana. Mzee wetu mkali alikuwa Simeoni, fundi seremala, mtu mwaminifu aliyenyooka kama mbao zake.

"Lisomwe jina lake Jumapili," akasema. "Atengwe na Meza ya Bwana. Tukichelewa, wote watamfuata."

Zakaria alikuwa amekuja kututembelea. Aliuliza neno moja tu. "Nani amekwenda kwake?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekwenda. Tulikuwa tumemjadili Festo nyumba zote isipokuwa yake.

Nikaenda mimi, Biblia mfukoni. Festo alinipokea vizuri, akanipa kigoda, akaniamkia shikamoo kama zamani.

"Najua ulichokuja kusema, Mwalimu," akasema. "Lakini kule nimeona watu. Wana nyumba za bati, wanavaa, wanacheza, na wanasali vilevile. Ninyi hapa mnakataza kila kitu. Dunia imegeuka."

"Huenda imegeuka," nikamwambia, "lakini mtoto wako jioni bado anataka kula, na mkeo bado anataka kulala bila hofu. Hayo mawili hayajageuka. Jana mtoto alikula nini?"

Akatazama viatu vyake. Nyuma ya nyumba nilisikia Dorkasi akipasua kuni, na mapigo yake ya shoka yakasimama kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Nilimwendea tena na mashahidi wawili, kama tunavyofundishwa. Akacheka. Ndipo tukamtenga. Sikusoma jina lake kwa furaha, wala sijutii kulisoma. Kuna siku hizi watu wanaosema kanisa lisikataze kitu, lisije likapoteza vijana. Mimi nawaambia, boma lisilo na ua halipendi ng'ombe wake. Neno la Mungu halikuwa letu hata tulipunguze bei kama wauza nyanya jioni. Lakini Zakaria alinifundisha kwamba ua peke yake haunenepeshi ng'ombe.

Tulikuwa tumeketi kibarazani kwangu, tunatafuna buni za kahawa, desturi ya kwetu. Akaniuliza, "Jumamosi mchana Festo anawapa vijana santuri. Wewe unawapa nini?"

"Nawapa onyo," nikasema.

Alicheka mpaka akatema kahawa. "Onyo! Kijana wa miaka kumi na minane, ana nguvu za fahali, unampa onyo akae nalo mpaka Jumapili?"

Kwa hiyo tukaanza Jumamosi zetu. Hazikuwa jambo kubwa. Baada ya asubuhi ya kazi za nyumbani, vijana na mabinti walikutana kanisani, kila mmoja na mundu au jembe, tukaenda kwenye kibanja cha mtu aliyelemewa: mjane, mgonjwa, mwanamke ambaye mumewe hakurudi kutoka ng'ambo ya mto. Tulikata nyasi, tukatandaza chini ya migomba, tukapogoa majani makavu, tukang'oa machipukizi yaliyozidi. Mgomba ukiachiwa watoto wengi haumlei hata mmoja. Kazi ikiisha, tulikula ndizi na maharage, tukanywa maji matamu ya ndizi mbivu yaliyokamuliwa siku ileile. Simeoni alijipa kazi ya kuyaonja kwanza, ahakikishe hayajaanza kuchachuka. Aliyaonja kwa bidii sana. Ilibidi tumwekee kibuyu chake.

Na tuliimba. Hapo ndipo nilipojifunza siri ya kwaya, nanyi ishikeni: usiwafundishe vijana wimbo wakiwa wamekaa. Wape mundu. Mkono ukipata mapigo, sauti inafuata yenyewe. Kidogo kidogo wakaja hata wale wa dansi, wengine kwa sababu ya wimbo, wengine kwa sababu ya maharage, wengine kwa sababu ya mabinti. Sikuwauliza sababu. Nilihesabu hiyo kuwa kazi ya Mungu.

Wakati huo kwa Festo mambo yaliharibika. Mpika gongo huanza kwa kuonja. Siku moja Dorkasi alikataa kuchota maji ya kupikia pombe, akapigwa mbele ya wanywaji, na hakuna aliyeinuka. Asubuhi alimfunga mtoto mgongoni akarudi kwa baba yake akiwa na jicho lililovimba.

Baraza likakutana tena, na safari hii tulikaribia kugawanyika. Simeoni alisema, "Ameapa mbele ya madhabahu. Mke arudi kwa mumewe, avumilie, aombe."

Tulikuwa tumemwita Dorkasi na baba yake. Mzee Kagaruki alisimama. "Harudi. Nimekwisha kumtafutia mtu mwingine. Mkimtenga, mtengeni, nami nitatoka naye."

Nilimtazama Dorkasi. Alikuwa mdogo wa mwili, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Baba, mtu mwingine simtaki," akasema. "Niliapa, na kiapo changu bado ninacho. Nanyi wazee, nisikilizeni. Nitarudi kwa mume. Kwa gongo sirudi. Siku mtakapoona mume pale, niiteni."

Wazee wakamgeukia Zakaria, aliyekuwa mgeni wetu tena. Naye akasema, "Kiapo kilikuwa cha watu wawili, Simeoni. Aliyekivunja kwa ngumi ndiye aanze safari ya kurudi. Huyu binti hajatoka katika ndoa. Anailinda kutoka nje, kwa sababu ndani kunawaka moto."

Simeoni alizungusha kofia yake mikononi. Mwisho akasema, "Nimesikia." Kwa mtu kama yeye, hilo lilikuwa neno kubwa kuliko mahubiri yangu yote.

Dorkasi akaanza kuja nasi Jumamosi. Alikata nyasi kuliko wanaume. Na siku moja tulipokuwa tunapanga tuende wapi, akasema kwa sauti ndogo, "Twendeni kwangu. Migomba ile niliipanda mimi. Nimepita njiani nimeiona, inaanguka."

Watu wakatazama chini. Kwenda kwa Festo, Jumamosi, na wanywaji wake uani! Mzee Kagaruki alikuwapo, alikuwa amemleta mjukuu. Akasema hapana. Kisha akamtazama binti yake, akaenda kuazima mundu.

Tulifika jua likiwa juu. Santuri ilikuwa inalia, wanywaji wachache wamelala kwenye majani. Kibanja kilikuwa kimekufa nusu: majani makavu yananing'inia, magugu hadi magotini, mikungu myembamba kama vidole vya mgonjwa. Hatukumsemesha mtu. Tukaingia upande wa juu, tukaanza kufyeka, na vijana wakaanza wimbo.

Festo akaongeza sauti ya santuri kwa kuisogeza mlangoni. Ikawa mashindano. Ninyi hamkuziona santuri zile. Zilijazwa kwa mkono, na ukiacha kuzungusha ule mkono wa chuma zinachoka. Tuliendelea na beti zetu, ya kwanza hadi ya mwisho, tukarudi tena ya kwanza. Punde mwimbaji wa kwenye sahani akaanza kulegea, sauti ikawa nzito kama ya mtu anayezama usingizini, ikakata. Tulingoja tuisikie ikijazwa. Haikujazwa.

Festo akatoka. Viatu vya rangi mbili hakuwa navyo, alikuwa pekupeku. Macho mekundu.

"Nani kawaomba?" akafoka. "Nani kawaomba kuingia kwangu?"

Wimbo ukasimama. Mzee Kagaruki akanyoosha mgongo, mundu mkononi, na nilikuwa na hofu kwa sababu ya ule mundu.

"Sikuja kwa ajili yako," akamwambia. "Migomba hii ni ya mjukuu wangu. Nimekuja ili akikua asikute jangwa." Akainama, akaendelea kukata.

Festo alisimama pale. Akamwona Dorkasi katikati ya migomba, amejifunga nguo kiunoni, na jani kavu mkononi. Dorkasi hakumtazama kwa hasira wala kwa kumsihi. Alimtazama kama mtu anayetazama kama moto umezimika au bado. Festo akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Tulimaliza upande wa juu, tukaondoka. Njiani hapakuwa na aliyeimba. Simeoni alinong'ona, "Tumepoteza Jumamosi, Mwalimu."

Jumamosi iliyofuata tulirudi kumalizia upande wa chini. Tulikuta nyasi zimekwisha kukatwa, zimefungwa mafungu, zimepangwa kando ya njia. Festo alikuwa bondeni anakata nyingine, jasho linamtoka, mikono inatetemeka kwa kukosa kile alichozoea. Hakutuamkia. Akatwika fungu kichwani, akalileta mpaka alipokuwa Mzee Kagaruki, akalitua miguuni pake, akarudi bondeni.

Nisiwadanganye kwamba alipona siku hiyo. Watu wanaowaambia habari kama hizo hawajawahi kukaa na mlevi. Alikuja Jumamosi nyingi bila kuingia kanisani Jumapili. Kibanda cha gongo alikibomoa mwenyewe. Pipa tukalikata likawa la kuchanganyia udongo wa kukandika kanisa, na mrija wa shaba Simeoni akaugonga ukawa pete za vishikio vya majembe. Kisha baada ya mavuno ya kahawa, rafiki zake wa zamani walipita, akaanguka. Alilewa siku mbili. Siku ya tatu alikuja kwangu kwa miguu yake, wala hakungoja nimfuate.

"Nimelewa, Mwalimu," akasema. "Nimekuja kabla hujaambiwa na wengine."

Nilijua hapo kwamba mtu huyu atapona. Nilipompelekea Dorkasi habari, akasema, "Basi nitangoja mavuno mengine." Wapo walioona ni mkatili. Mimi niliona ni mwanamke anayejua kupanda mgomba: huli mkungu kwa kuuvuta.

Alingoja. Zakaria alikuwa anakwenda kwa Festo kila alipopita upande wetu, na kazi yao kubwa, nilivyoona, ilikuwa kukaa kimya pamoja na kutengeneza uzio. Sisi wazee tulipokezana kumtembelea jioni, saa zile kiu yake ilipokuwa kali. Ile santuri aliibeba mwenyewe hadi Murongo, akabadilishana na mfanyabiashara wa Bukoba kwa cherehani ya mkono. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Cherehani akaiweka chumbani, akaifunika kwa shuka, haikuguswa.

Mavuno yalipita, na hakulewa. Ikaja Jumapili aliyosimama mbele ya watu wote, akasema kosa lake kwa Mungu, kwa mkewe na kwa mkwewe, kwa majina, bila kupamba. Sauti ile iliyozoea kuanzisha nyimbo ilikatika katikati. Mzee Kagaruki alikuwa benchi la mbele. Alinyanyuka, akatoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile ambayo hapa kwetu humpi mtu uliye na neno naye moyoni, akamnyooshea. Festo alichukua buni moja, akashindwa kuiweka mdomoni kwa kulia. Simeoni, mkali wetu, alikuwa anafuta macho kwa ile kofia yake.

Wanangu, upepo ule haukukoma. Wapo tuliowapoteza kabisa, na majina yao bado nayataja asubuhi ninapoomba. Gongo bado lipo, dansi bado zipo, na mtakutana na mengine ambayo mimi siwezi hata kuyataja. Msilegeze mnachokiamini. Lakini mkimfungia mtu mlango wa dhambi, awakute mmesimama kwenye mlango mwingine, uko wazi, na mundu wa ziada upo.

Dorkasi alirudi siku ya kazi, asubuhi, kwa njia kubwa ambako kila mtu alimwona. Baba yake alimbeba mtoto mabegani. Sisi wazee wa baraza tulifuata nyuma kama mashahidi. Festo alikuwa amefagia uwanja, akasimama kando ya mlango kama mgeni kwake.

Dorkasi hakuingia mara moja. Alizunguka nyumba. Alikwenda palipokuwa kibanda, akakuta pamepandwa maboga. Akaingia jikoni, akainua vibuyu kimoja kimoja, akavinusa. Sisi tulingoja nje bila kupumua vizuri, wanaume wazima, tunangoja pua ya mwanamke mmoja. Akaingia chumbani, akakaa humo kidogo. Tulisikia gurudumu la cherehani likizunguka mara moja, polepole, likanyamaza.

Akatoka, akafunga nguo vizuri kiunoni, akampokea mtoto.

"Mkutano umekwisha, wazee," akasema. "Nendeni kwa amani. Nina ndizi za kumenya."

Tukaaga. Tulikuwa tumefika karibu na njia ndipo tukamsikia Festo nyuma yetu, kwa sauti ya mtu anayeomba kazi:

"Nichote maji?"

Sauti ya Dorkasi ikasema, "Chota."